Spidirani Yako ya Kwanza: Itume Lini, na Lini Uikalie Kwanza

Wahenga walituacha njia panda. Mmoja alisema haraka haraka haina baraka, mwingine akasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hakuna aliyetuambia ipi kati ya hizo ni ya spidirani. Ndio maana wasee wengi wanaoanza hii kitu hukwama mahali pamoja. Umechapa gemu hadi usiku wa manane, umeimaliza kwa dakika 31, video iko kwa simu, halafu maswali yanaanza. Nitume sasa ama ningoje niwe mkali? Nikituma watanicheka? Nikingoja je, nitawahi kutuma kweli?

Jibu fupi ni hili. Kama umecheza kwa mikono yako, moja kwa moja, tuma rani yako ya kwanza iliyokamilika na kufuata sheria, hata kama taimu yako ni ya mkia. Kama umeitengeneza ndani ya emuleta, fremu kwa fremu, tulia: usiitume kabla wanaojua hawajaiona. Hizo ni dunia mbili tofauti na watu huzichanganya kila siku.

Jibu refu liko hapa chini, na limepangwa kwa kumfikiria msee wa Msambweni: stima ya kwenda na kurudi, bando la kuhesabu, na PS ambayo pengine si yako.

Kwanza, tuelewane hii ni mchezo gani

Spidirani ni kumaliza gemu haraka iwezekanavyo, chini ya sheria ambazo wachezaji wa hiyo gemu wamekubaliana. Jaribio moja ndio tunaita rani. Mchezo wenyewe si wa juzi. Wachezaji wa Doom walikuwa wakishindana kwa faili za kurekodi mchezo tangu miaka ya tisini mwanzoni, na mwaka wa 1997 kundi la wachezaji wa Quake lilitoa Quake Done Quick, gemu nzima kwa chini ya dakika 20. Mwaka wa 2010 ilianza Games Done Quick, ile sherehe ya kucheza gemu mbio huku watu wakichangisha pesa za misaada. Mwaka wa 2014 ikaja Speedrun.com, na mpaka leo ndio sehemu kubwa zaidi ya kuhifadhi rekodi za maelfu ya gemu.

Kwa Speedrun.com, kila gemu ina ubao wake wa rekodi, kila ubao una kategoria zake, na kila kategoria ina sheria zake. Any% maana yake ni maliza tu, njia yoyote. 100% ni kumaliza kila kitu ambacho wenye ubao wamekihesabu. Kuna kategoria za kutumia glichi na za kukataza glichi. Wanaokagua ni mamodereta, watu wa kujitolea ambao kazi yao ni kutazama video yako, kupima taimu, halafu kukubali ama kukataa.

Akaunti ni bure. Ukitaka unaweka bendera ya nchi yako kando ya jina. Kenya inajulikana kwa gemu za kupigana na za mpira, na QueenArrow amepeperusha jina letu kwa Tekken. Kwa spidirani nafasi bado ni wazi, na msee wa Pwani akituma rani safi, bendera inasimama pale pale na za Japani na Marekani.

Kwa nini taimu mbaya si sababu ya kujificha

Ubao wa rani za kawaida haujajengwa kwa ajili ya bingwa peke yake. Unaweka kila mtu: wa kwanza, wa hamsini, wa mia nne. Ukitumwa wa mwisho, hujaharibu chochote cha mtu. Umeongeza mstari mmoja tu chini, na mstari huo ni wako.

Chukua Super Mario Bros. ya kwanza. Mwaka wa 2021 Niftski alikuwa binadamu wa kwanza kuimaliza chini ya dakika 4 na sekunde 55. Wewe ukianza leo, hata ukijua zile njia za mkato za kuruka dunia, unaweza kuchukua dakika tisa. Hizo tisa hazina aibu, kwa sababu hakuna anayezipima na 4:54. Zinapimwa na rani yako ijayo.

Kuna faida tatu za kutuma mapema.

Ya kwanza, unajifunza kutuma. Kuchagua kategoria, kujaza fomu, kupakia video, kungoja kukaguliwa, hayo yote ni kazi yenyewe. Ni afadhali ukosee na rani ya dakika tisa kuliko ukosee siku umepiga rani ya maisha yako, halafu ugundue hukurekodi sekunde tano za mwanzo.

Ya pili, unajua kama mashine yako inakubalika. Wasee hukaza miezi mitatu kwa emuleta fulani ya simu, halafu wanatuma na kuambiwa emuleta hairuhusiwi kwa huo ubao. Ungetuma wiki ya kwanza, ungejua wiki ya kwanza.

Ya tatu, unapata watu. Modereta akiona rani yako anaweza kukuandikia kwamba pale dakika ya nne kuna njia fupi. Msee anayekaa kimya na video kwa simu hapati hilo neno.

Mambo matano ya kuhakikisha kabla ya kubonyeza

Kutuma mapema si kutuma ovyo. Rani ya mwanzo inaweza kuwa ya polepole, lakini lazima iwe halali. Pitia hizi tano.

1. Umeanza na kumaliza mahali panapotakiwa. Kila gemu ina alama yake ya kuanza kuhesabu na alama ya kusimamisha. Nyingine huanza ukibonyeza kuanza, nyingine ukipata uwezo wa kumsogeza mhusika. Nyingine huisha bosi akianguka, nyingine skrini ikibadilika. Isome kwa sheria za ubao, usiikisie.

2. Umechagua kategoria moja na ukabaki ndani yake. Ukitumia glichi ya kupita ukuta kwa kategoria isiyo na glichi, rani haifai hata kama ilikuwa mara moja tu na kwa bahati mbaya. Mara nyingi inaweza kuingia kategoria nyingine, kwa hivyo usiitupe kabla ya kuangalia.

3. Video ni nzima na haijakatwa. Iwe na mwanzo, iwe na mwisho, bila kuunganishwa vipande. Hapa Mkunguni mvuvi akirudi akasema alivua nguru wa kilo ishirini lakini amemla njiani, wenzake watamsikiliza, watacheka, na hakuna atakayeandika kitu kwa daftari. Samaki hupimwa kwa mzani. Rani hupimwa kwa video.

4. Umepima taimu mwenyewe. Programu ya LiveSplit ni ya bure kwa kompyuta na itakusaidia kuhesabu kila sehemu. Lakini kidole huchelewa, kwa hivyo rudi kwa video na uhakikishe mwanzo na mwisho. Pia angalia ubao unatumia saa ya ukutani, saa ya ndani ya gemu, ama taimu iliyotolewa muda wa kupakia. Ukijaza aina isiyofaa unampa modereta kazi ya ziada.

5. Unajua mashine yako ni gani. Hili ndilo linawaangusha wasee wa huku, ngoja tulifungue vizuri.

PS yako ni ya wapi?

Konsoli za zamani ziligawanywa kwa maeneo. Kenya ilitumia mfumo wa TV wa PAL, na PS2 nyingi za PAL pamoja na gemu zake huenda fremu 50 kwa sekunde, wakati za Marekani na Japani huenda karibu 60. Kwa gemu nyingine tofauti hiyo inabadilisha mwendo wa mchezo wenyewe. Ndio maana fomu nyingi za kutuma zinauliza eneo la mashine. Jibu ukweli. Usiandike Marekani kwa sababu ndio iko juu kwa orodha.

Halafu kuna mambo ya PS iliyochipiwa na diski za kuchoma, ama gemu zinazochezwa kutoka kwa flashi. Huku ni kawaida kabisa, lakini muda wa kupakia unaweza kuwa tofauti na diski halisi, kwa hivyo bao nyingine hukataa, nyingine hukubali ukisema wazi. Emuleta nayo vivyo hivyo: kuna bao zinazoikubali, zinazoitenga, na zinazoikataa.

Kama sheria haisemi chochote kuhusu mashine yako, uliza kabla hujaanza mazoezi. Andika swali fupi kwa mamodereta kwa Kiingereza chepesi: una mashine gani, gemu ni ya eneo gani, inachezwa kutoka wapi. Swali la mistari mitatu linaweza kukuokolea mwezi mzima.

Lini uikalie kwanza

Kuna wakati kungoja ndio akili. Kama hali yako ni mojawapo ya hizi, usitume.

Hujasoma sheria. Kama huwezi kumwambia beshte yako rani huanza wapi na huisha wapi, bado.

Stima ilikatika katikati. Hii tunaijua wote. Uko bosi wa mwisho, taa zote hadi Milalani zinazimika, PS inakata. Hiyo rani imekufa, poleni sana. Kosa kubwa ni kujaribu kuifufua kwa kuunganisha nusu ya jana na nusu ya leo. Rani ya kawaida ni pumzi moja, na kuunganisha vipande ni udanganyifu, hata kama KPLC ndio walianza.

Mlipokezana pedi. Kwa banda la gemu tunalipia muda, kwa hivyo beshte anakusaidia pale pagumu halafu anakurudishia. Inafurahisha, lakini kwa kategoria ya mtu mmoja hiyo si rani yako. Kuna gemu zenye kategoria za wachezaji wawili, ziangalie hizo.

Ulianza na faili ya mtu. Kwa banda, diski ngumu imejaa michezo ya watu waliofungua silaha zote. Kategoria nyingi zinataka uanze faili mpya, na kwa video ionekane kwamba ni mpya.

Una rani nyingine bora wiki hii hii. Kama unashusha taimu kila usiku, usimtumie modereta video saba kwa wiki. Tuma ya kwanza ili uingie kwa ubao, halafu endelea kukaza. Rudi ukiwa umeshusha kiasi cha maana: kwa gemu ya nusu saa, dakika moja au mbili ni kitu. Kwa gemu ya dakika tano, sekunde chache zinatosha. Ukifika juu ndio kila nusu sekunde inakuwa na thamani.

Na hiyo nusu sekunde si rahisi kama inavyoonekana. Kwa Super Mario Bros. gemu hukagua kama kiwango kimeisha kila baada ya fremu 21, karibu theluthi ya sekunde. Ni kama feri ya Likoni. Ukiwahi mapema kidogo lakini bado ni ile ile feri, mtafika ng'ambo pamoja na aliyekuja nyuma yako akikimbia. Mpaka uwahi feri iliyotangulia, taimu haibadiliki.

Hesabu ya bando

Tuongee ganji sasa, kwa sababu video ndio hula bando.

Ukirekodi kwa kiwango cha kilobiti 2,500 kwa sekunde, ambacho ni cha kawaida na kinaonekana vizuri, utatumia karibu MB 19 kwa dakika. Rani ya dakika 20 ni karibu MB 375. Rani ya saa nne, kama zile za GTA San Andreas, ni karibu GB 4.5. Sasa unaelewa kwa nini rani yako ya kwanza isiwe ya GTA, hata kama ndio gemu unaijua kama njia ya kwenda kwenu. Anza na gemu fupi, ama kiwango kimoja cha gemu ndefu kama ubao wake una nafasi ya viwango. Ukishajua njia, ndio uende safari ndefu.

Usistrimu kama bando ni la kuhesabu. Rekodi kwa mashine, futa zilizoharibika, pakia moja tu. Kustrimu kunakula data ya kila jaribio, hata yale hamsini uliyoanguka kiwango cha kwanza. Tena kwa Twitch video za kawaida hufutwa baada ya muda, na ubao unataka video itakayokaa. YouTube ni salama zaidi, na unaweza kuiweka ionekane kwa mwenye linki pekee. Kumbuka akaunti ya YouTube ambayo haijathibitishwa kwa namba ya simu hairuhusu video ya zaidi ya dakika 15. Thibitisha mapema, usigundue hilo saa saba usiku.

Kama unatumia OBS kwa kompyuta, ambayo ni ya bure, rekodi kwa muundo wa MKV. Mashine ikizima ghafla, faili ya MKV kwa kawaida hubaki ikifunguka mpaka pale ilipofika, wakati MP4 ya kawaida inaweza kuharibika yote. OBS yenyewe inaweza kuigeuza kuwa MP4 baadaye. Haitafufua rani, lakini angalau utaona ulikosea wapi.

Kama unarekodi skrini ya simu, weka simu isipokee arifa. Hutaki ujumbe wa M-Pesa ushuke katikati ya rani na dunia nzima isome salio lako na namba ya mathee. Na kama huna chochote cha kurekodia isipokuwa simu inayotazama TV, bado usikate tamaa. Bao nyingi zinakubali hiyo kwa taimu za chini. Iweke simu isimame imara, skrini nzima ionekane, sauti isikike. Kadiri unavyopanda, ndivyo watakavyotaka ushahidi safi zaidi.

Ukishatuma

Rani yako itakaa kwa foleni ikingoja kuhakikiwa. Gemu yenye watu mob na mamodereta wachangamfu inaweza kuchukua siku moja. Gemu ndogo inaweza kuchukua wiki kadhaa. Wale ni watu wana kazi, wana shule, wanalala. Wape wiki tatu kabla ya kuuliza, na ukiuliza, uliza mara moja kwa heshima.

Wakikataa, soma sababu. Mara nyingi ni kitu cha kurekebisha: linki haifunguki, kategoria si sahihi, mwanzo wa video umekatwa. Ikiwa ni fomu, rekebisha na utume tena. Ikiwa ni rani yenyewe, cheza tena. Usianze kuchomeka. Kukataliwa kwa rani ni kama kurudishwa na kondakta kwa sababu umepanda matatu ya Lunga Lunga na wewe unaenda Ukunda. Hakuna aliyekutukana, shuka upande ile nyingine.

Wakibadilisha taimu yako kwa nukta chache, usishangae. Wamepima upya kwa fremu. Mara nyingine wanakuongezea, mara nyingine wanakupunguzia.

Dunia ya pili: TAS

TAS ni rani inayotengenezwa kwa msaada wa emuleta. Unapunguza mwendo, unasonga fremu moja moja, ukikosea unarudi nyuma, na mwisho unapata faili yenye kila kitufe kilichobonyezwa. Hapa mikono ya haraka haina kazi, kinachohitajika ni akili na subira. Nyumbani kwake ni TASVideos, iliyoanzishwa mwaka wa 2003 na mwanaprogramu wa Ufini anayejulikana kama Bisqwit.

Hapa sheria ya kutuma mapema inageuka. Kwa ubao wa kawaida kuna nafasi ya wa mia nne. Kwa TASVideos kinachotafutwa kwa kila gemu na kila kategoria ni rani bora inayojulikana, na faili yako inapitia kwa jaji anayeichezesha upya, kuilinganisha na zilizotangulia, na kuandika uamuzi. Ukituma kazi ambayo binadamu wa kawaida ameishinda akicheza moja kwa moja, itakataliwa, na jaji wa kujitolea atakuwa amepoteza jioni yake.

Kwa hivyo kabla ya kutuma TAS, jiulize haya.

Kuna rani iliyochapishwa ya hii gemu? Kama ipo, yako ni ya haraka zaidi? Kama hujui, hujafika.

Umeangalia taimu za binadamu kwa Speedrun.com? TAS yako inatakiwa izishinde. Kama mtu mwenye pedi amekushinda wewe uliyekuwa na uwezo wa kurudi nyuma, kuna njia hujaijua.

Unatumia emuleta inayokubalika, kama BizHawk, na toleo sahihi la gemu? Faili ikichezwa kwa mashine nyingine ikaenda kombo, mhusika atagonga ukuta na jaji hataona ulichoona wewe.

Umeonyesha kazi ikiwa nusu? Hii ndio kubwa. Ukimaliza kiwango cha kwanza tu, waonyeshe wanaoijua hiyo gemu. Wakikuambia kuna mruko unaookoa fremu 12, ni heri ujue sasa. Ukiupata mwishoni, kila kitu baada yake kinaweza kuhitaji kufanywa upya, kwa sababu gemu nyingi hubadilisha bahati kulingana na fremu uliyofikia.

Na usiwahi kuituma TAS kama rani ya mikono. Mwaka wa 2003 video ya mchezaji wa Japani anayeitwa Morimoto, akimaliza Super Mario Bros. 3 kwa dakika 11 hivi, ilizunguka dunia na watu wengi wakadhani ni mtu anacheza moja kwa moja. Walipojua ni emuleta, wengi waliona wamechezwa. Tangu hapo ni lazima TAS ijitaje kuwa TAS.

Kwa nini wanakagua hivyo

Kuna wasee wanaona mamodereta wana roho ngumu. Historia inawatetea.

Todd Rogers alishikilia rekodi ya gemu ya Dragster ya Atari 2600, sekunde 5.51, tangu mwaka wa 1982. Hakukuwa na video. Miaka 35 baadaye mchambuzi aliifungua programu ya gemu yenyewe na kupata kwamba taimu ya chini kabisa inayowezekana ni 5.57. Januari 2018 Twin Galaxies wakaifuta rekodi hiyo. Miaka yote hiyo, kila aliyejitahidi kwa haki alikuwa akifukuza kivuli.

Halafu kuna Dream wa Minecraft. Oktoba 2020 rani yake ilishika nafasi ya tano. Mamodereta wakatazama strimu zake sita, wakahesabu vitu alivyokuwa anapata kwa bahati, na Desemba wakatoa ripoti ya kurasa 29 iliyosema bahati ya aina hiyo ni karibu haiwezekani. Rani ikaondolewa. Mei 2021 mwenyewe alikubali kwamba mchezo wake ulikuwa na programu ya ziada iliyobadilisha bahati, ingawa alisema hakujua wakati ule.

Hao ni watu wenye jina na mashabiki. Wewe mgeni kutoka Msambweni huna jina bado, kwa hivyo video yako ndio jina lako. Rani ya mkia iliyo safi inakujengea imani ambayo utaihitaji siku utakapopiga taimu ya kushangaza.

Ratiba rahisi ya kuanzia

Siku ya kwanza: chagua gemu fupi unayoipenda, soma sheria za kategoria moja, uliza kuhusu mashine yako.

Siku ya pili hadi ya tano: tazama rani mbili. Moja ya bingwa, ujue njia. Nyingine ya mtu wa katikati ya ubao, kwa sababu huyo hufanya vitu ambavyo wewe unaweza kuvifanya wiki hii.

Siku ya sita: rekodi jaribio lolote la kwanza hadi mwisho. Ukikosea njiani usianze upya, malizia tu. Wanaoanza wengi hawana rani iliyoisha kwa sababu kila wakianguka wanarudi mwanzo.

Siku ya saba: tazama video yako yote, pitia yale mambo matano, pakia usiku mtandao ukiwa mwepesi, jaza fomu kwa ukweli, tuma. Halafu zima mashine, tafuta viazi karai, lala.

Wiki inayofuata unaanza kuishusha. Ubao hautakimbia, na taimu yako ya kwanza itakuwa pale na tarehe yake, ya kukuonyesha umetoka wapi.